Pensheni ya binafsi: anza na mlango wa kutokea

Wifi yangu ana kibanda cha ushonaji katika soko la Kongowea, Mombasa. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na fomu ya kujiunga na mpango wa pensheni ya binafsi. Ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi, na pembeni ina doa la chaki ya kitambaa. Jina alishajaza, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, nambari ya simu. Ukurasa wa pili ndio uliomkwamisha. Palikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa pensheni, kingine providenti, na chini yake mstari mmoja tu: weka alama kwenye kimoja. Akampigia ajenti aliyempa fomu. Akajibiwa, "Weka tiki popote, mama, hiyo tutarekebisha baadaye."

Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa. Kisanduku kile ndicho uamuzi mkubwa kuliko yote katika fomu nzima. Ndicho kinachosema kama siku ya kustaafu atakabidhiwa pesa zake zote kwa mkupuo, au atapewa theluthi na zilizobaki alipwe kidogo kidogo uzeeni. Mtu anaweka jasho lake miaka ishirini na tano, halafu anaambiwa aweke tiki popote!

Kwa hiyo naandika kwa ajili yake na wote walio kama yeye: Wakenya wasio na mwajiri wa kuwachangia, na wale wenye mwajiri lakini wanaona makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hayatawafikisha mbali. Ninalotaka kulisema ni hili. Watu wengi huanza kwa kuuliza kampuni gani nzuri na inalipa asilimia ngapi. Mimi nasema anza na mlango wa kutokea. Jiulize pesa hizi zitoke vipi, zitoke lini, na usipokuwepo zimfikie nani. Ukishayajibu hayo, maswali ya kuingilia yanakuwa machache na mepesi.

Lakini kwanza, NSSF. Wengi huuliza kwa nini wahangaike na mpango mwingine wakati tayari wanakatwa. Chini ya Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo ilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, mwajiriwa hukatwa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 6 nyingine. Makato hayo yana kikomo. Kuanzia Februari 2025 mshahara unaohesabiwa uliishia Sh72,000, kwa hiyo hakuna aliyekatwa zaidi ya Sh4,320 kwa mwezi. Anayelipwa Sh150,000 alikuwa anaweka chini ya asilimia 3 ya mshahara wake, na hata ukiongeza fungu la mwajiri hazifiki asilimia 6. Huyo akistaafu ataona tofauti kubwa kati ya alivyozoea kuishi na atakacholipwa.

Na fundi cherehani, mama mboga, mwendesha boda boda au mtafsiri anayefanyia kazi nyumbani hana mwajiri wa kumwongezea hata senti. Ipo mipango iliyobuniwa kwa ajili yao. Mpango wa Mbao ulizinduliwa 2011 na jina lake linatokana na jina la mtaani la shilingi ishirini, maana ndicho kiwango walichoambiwa watu waweke kila siku. NSSF nayo ina Haba Haba, ya Sh25 kwa siku. Naiheshimu mipango hii kwa sababu imewajengea watu tabia ya kuweka. Lakini tupige hesabu: shilingi ishirini kwa siku ni Sh7,300 kwa mwaka. Ni mwanzo. Mtu anayeweza kuweka zaidi anahitaji chombo kikubwa zaidi, na hapo ndipo unapoingia mpango wa pensheni ya binafsi, yaani mfuko uliosajiliwa na RBA, Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Mingi inaendeshwa na kampuni za bima, mingine na kampuni zinazoshughulika na pensheni na uwekezaji pekee.

Visanduku viwili vya ukurasa wa pili

Ukichagua pensheni, siku ya kustaafu unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja ya akiba yako kwa mkupuo. Theluthi mbili zilizobaki ni lazima zigeuzwe kuwa kipato. Ukichagua providenti, unaweza kuchukua zote siku hiyo hiyo, shilingi kwa shilingi.

Ukiwauliza watu kumi barabarani, naamini wengi watachagua ya pili. Pesa ni zangu, nipeni zangu. Nilikuwa na mawazo hayo hayo mpaka nilipomwona baba yangu mdogo. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja ya uchukuzi, akastaafu, akalipwa zote kwa hundi moja. Habari za hundi hiyo zilifika kijijini kabla yake. Akamalizia nyumba ya ukoo, akalipa karo za watoto watatu ambao si wake, akanunua matatu iliyokuwa inashinda gereji kuliko barabarani. Baada ya muda si mrefu alikuwa anaomba nauli ya kwenda hospitali. Baba mdogo hakuwa mlevi wala mpumbavu. Alikuwa mzee mwema mwenye pesa nyingi zinazojulikana, na kila aliyebisha hodi alikuwa na shida ya kweli. Angekuwa na mkataba unaomlipa kiasi fulani kila mwezi, angeweza kumwambia mpwa wake bila kudanganya: sina, mpaka tarehe tano.

Ndiyo maana nilimshauri wifi achague pensheni. Sisemi providenti ni mbaya. Kuna inayemfaa: mtu mwenye nyumba za kupangisha tayari, au mwenye pensheni nyingine ya kila mwezi, au anayejua kwa hakika kwamba mkupuo huo utamaliza deni la nyumba anayoishi. Huyo kipato cha mwezi anacho, anachokosa ni fungu. Wewe usiye na kipato kingine uzeeni unakosa kinyume chake.

Sasa zile theluthi mbili. Zina njia mbili za kugeuka kipato, na hapa watu huchanganyikiwa sana kwa sababu ajenti huwa ameshaondoka mazungumzo yanapofika hapa.

Njia ya kwanza ni anuiti. Unaipa kampuni ya bima fungu lako, nayo inaahidi kukulipa kila mwezi mpaka ufe, hata ukiishi miaka mia. Uzuri wake ni huo: huwezi kuishi ukazipita pesa zako. Ugumu wake ni kwamba fungu umeshalitoa, halirudi. Ukichukua anuiti ya mtu mmoja isiyo na kipindi cha uhakika, ukafa mwaka wa pili, malipo yanakoma na familia haipati kitu. Kwa hiyo watu huongeza masharti: kipindi cha uhakika, tuseme miaka kumi, ambamo malipo yataendelea kwa warithi hata usipokuwepo, au anuiti ya wawili, ambapo mume akifa mke anaendelea kulipwa, au malipo yanayopanda kila mwaka ili bei za sokoni zisiyale. Kila sharti unaloongeza linapunguza malipo ya mwezi wa kwanza. Watu wengi wakiona karatasi mbili mezani huchukua ile yenye tarakimu kubwa, na tarakimu ni kubwa kwa sababu mke ameachwa nje. Zisomeni pamoja, mume na mke.

Njia ya pili ni kuchota kidogo kidogo. Fungu linabaki ni lako, linaendelea kuwekezwa, na wewe unachota kila mwezi au kila robo mwaka. Kanuni zinataka utaratibu huu udumu angalau miaka kumi, na usichote zaidi ya asilimia 15 ya fungu kwa mwaka. Ukiwa na milioni tatu, mwaka wa kwanza kikomo chako ni Sh450,000, yaani Sh37,500 kwa mwezi. Ukifa, kilichobaki ni cha warithi wako. Ubaya wake ni kwamba ukichota hadi kikomo kila mwaka na fungu halikui kwa kasi hiyo, kila mwaka utakuwa unachota kutoka kisima kinachopungua. Afya ikiwa nzuri na wazazi wako waliishi miaka tisini, ogopa njia hii kidogo. Ukiwa na maradhi ya muda mrefu, au watoto wadogo, inaweza kuwa ndiyo bora.

Wifi ana miaka thelathini na saba. Hahitaji kuchagua kati ya njia hizi leo, uamuzi huo hufanywa siku ya kustaafu. Anachohitaji kujua leo ni kwamba njia zipo, na kwamba theluthi mbili zile haziliwi na kampuni, kama alivyoambiwa na jirani yake wa kibanda.

Pesa zikiwa ndani, zinafanya nini?

Swali la pili katika fomu yake lilikuwa mfuko wenye dhamana au mfuko wa soko. Mfuko wenye dhamana uko ndani ya kampuni ya bima. Kampuni inaahidi kwamba ulichoweka hakitapungua, mara nyingi pamoja na faida ya chini iliyoandikwa kwenye mkataba, na kila mwaka inatangaza faida ya mwaka huo. Miaka mizuri ya soko inakuwekea kidogo pembeni kwa ajili ya miaka mibaya. Mfuko wa soko hauna ahadi hiyo. Unapata soko lilichotoa, kikiwa kingi au kikiwa hasara, baada ya kuondoa gharama.

Ili uone hasara yenyewe inavyofanana, tazama Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2023 faharasa ya hisa zote, yaani kipimo cha bei za hisa zote za soko hilo, ilipoteza zaidi ya robo ya thamani yake. Mwaka 2024 ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Aliyekuwa na hisa nyingi kwenye mfuko wake akahama mwishoni mwa 2023 kwa hofu alibeba hasara yote na kuikosa faida iliyofuata. Hata hatifungani za serikali (karatasi za mkopo unaoipa serikali), ambazo watu hudhani hazitikisiki, hutikisika. Februari 2024 serikali ilitoa hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46. Aliyekuwa ameshika za zamani za asilimia 12 alijikuta bei yake sokoni imeshuka, maana nani atazinunua kwa bei ile ile wakati serikali yenyewe inalipa zaidi? Mifuko ya soko huandika bei ya siku, kwa hiyo taarifa zao za mwaka zikaonyesha kushuka huko, ingawa serikali ilikuwa inalipa riba zake kama kawaida.

Kijana wa miaka ishirini na nane anaweza kuvumilia mitikisiko hii, ana miongo mitatu ya kujirekebisha. Mtu wa miaka hamsini na sita hawezi. Ushauri wangu ni wa kawaida na siuonei haya: ukiwa mbali na kustaafu, mfuko wa soko wenye mchanganyiko, ukikaribia, tuseme miaka mitano ya mwisho, hamia kwenye dhamana. Na kama hulali usiku ukiona tarakimu imeshuka, nenda kwenye dhamana tangu mwanzo ubaki humo. Mpango unaokufanya ukimbie katikati ni mbaya kwako hata kama kwenye karatasi ndio bora.

Kwa Waislamu, na hapa Pwani ni wengi, kuna swali lingine kabla ya hayo. Mifuko mingi ya pensheni Kenya imejaa hatifungani za serikali, na kinachotoka humo ni riba. Ipo mipango inayowekeza kwa kufuata sharia na yenye bodi ya wanazuoni. Usijiunge kwa kuambiwa kwa mdomo tu kwamba ni halali. Omba kuona orodha ya kilichomo ndani ya mfuko, kisha uliza kwa shekhe unayemwamini.

Gharama ndizo zinazonikera zaidi kwa sababu hazionekani. Hakuna anayekuja kukudai. Zinatolewa kabla faida haijakufikia. Chukulia unaweka Sh5,000 kila mwezi kwa miaka 25. Jumla uliyoweka ni milioni moja na nusu. Tuseme uwekezaji wenyewe unazalisha asilimia 10 kwa mwaka. Mfuko unaotoza asilimia 1 utakuachia karibu Sh5.6 milioni. Unaotoza asilimia 2 utakuachia karibu Sh4.75 milioni. Asilimia moja tu, lakini imekula kama Sh850,000, zaidi ya nusu ya jasho lote uliloweka mwenyewe. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: ada ya usimamizi ni kiasi gani, ya uwekezaji kiasi gani, ya benki mtunzaji, ya mdhamini, na je, kuna inayokatwa kwenye kila mchango kabla haujawekezwa? Nikihama naondoka na zote? Ajenti akijibu "ni kidogo tu, mama", kidogo ndiyo hiyo Sh850,000.

Na hiyo Sh5.6 milioni nayo usiitazame kwa macho ya leo. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 25 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa takriban Sh1.65 milioni. Ndiyo sababu mchango unatakiwa upande kila mwaka pamoja na bei. Na ndiyo sababu kuchelewa kunaumiza: Sh5,000 hizo hizo kwa miaka 15 badala ya 25, katika mfuko ule ule wa bei nafuu, zinafika karibu Sh1.9 milioni. Umepunguza miaka kumi, ukapoteza theluthi mbili za fungu.

Kodi, na mkono unaowasha

Serikali inakusaidia kuweka, na wengi hawachukui msaada huo. Tangu Desemba 27, 2024, michango ya hadi Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka, inaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Awali kikomo kilikuwa Sh20,000. Humo inahesabiwa pia NSSF yako, na kinachoondolewa hakizidi asilimia 30 ya kipato. Mwajiriwa anayefikia ngazi ya kodi ya asilimia 30, akiweka Sh10,000 anapunguziwa kodi ya Sh3,000, kwa hiyo mfukoni mwake zimetoka Sh7,000. Kama mwajiri wako hakupitishii punguzo hilo kwenye mshahara, lidai mwenyewe unapojaza ritani ya mwaka, kabla ya Juni 30, ukiwa na cheti cha michango kutoka kwenye mfuko. Pia faida inayopatikana ndani ya mfuko uliosajiliwa haitozwi kodi, wakati riba ya akaunti ya benki hukatwa asilimia 15. Na sheria hiyo hiyo ya Desemba 2024 iliondoa kodi kwenye mafao yanayolipwa ukifika umri wa kustaafu.

Lakini wifi alinikatiza hapa akaniuliza swali zuri: yeye hulipa TOT, kodi ya mauzo, je, naye atapunguziwa? Hapana. TOT hutozwa kwenye mauzo yote bila kuondoa chochote, kwa hiyo mchango wa pensheni haumpunguzii. Faida yake yeye ni ile ya ndani ya mfuko na ile ya siku ya kustaafu. Ajenti alikuwa amemwahidi punguzo ambalo halimhusu.

Kisha kuna suala la kuzigusa kabla ya wakati. Umri wa chini wa kustaafu mapema ni miaka hamsini. Kabla ya hapo, kanuni za kila mpango zinasema lini unaweza kuchukua ulichochanga mwenyewe. Pesa ulizohamisha kutoka mpango wa mwajiri wa zamani zina kufuli zaidi: nusu ya alichochanga mwajiri inabaki imefungwa. Ukitoa mapema bila sababu ya ugonjwa, huenda ukatozwa kodi. Mimi naliona kufuli hili kama neema. Hata hivyo, halifai kwa pesa zako zote. Fundi mwenye msimu mzuri kabla ya Idi na msimu mkavu Januari anahitaji akiba nyingine anayoweza kuifikia, kwenye Sacco au mfuko wa soko la fedha (money market fund), ya kumvusha miezi mitatu. Asipokuwa nayo, mtoto akiugua atavunja pensheni, au ataingia kwa wakopeshaji wa simu. Weka ya dharura kwanza, hata kama itachukua mwaka mzima.

Kuna ruhusa moja inayofaa kujulikana. Unaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi, au kuweka hadi asilimia 60 kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Ni ruhusa nzuri kwa mwenye akiba kubwa. Kwa mwenye akiba ndogo, asilimia 40 hainunui nyumba, inanunua majuto tu.

Na wale wanaosema ploti ni bora? Ploti ni nzuri, mimi pia ninayo. Ila huwezi kuuza futi kumi za ploti siku ya kulipa hospitali. Vilevile pensheni ina ngao ambayo ploti haina: sheria inakataza wadai kukamata akiba yako iliyo ndani ya mpango uliosajiliwa. Biashara ikianguka, cherehani zinaweza kubebwa. Pensheni haibebwi.

Nani anashika pesa

Wifi alihofu kitu kimoja kuliko vyote, kwamba kampuni itafunga ofisi usiku na kutoweka. Hofu hiyo si ya bure, watu wa soko lile wameshaliwa na vyama na miradi ya kila aina. Kinachotofautisha mpango uliosajiliwa ni kwamba kazi zimegawanywa. Mdhamini anasimamia kwa niaba ya wanachama. Msimamizi wa kumbukumbu anaandika nani ameweka nini. Meneja wa uwekezaji anaamua kununua hisa au hatifungani, lakini hazishiki. Zinashikwa na mtunzaji, kwa kawaida benki. Anayeamua hashiki, na anayeshika haamui. Mfuko wenye dhamana ni tofauti kidogo, kwa kuwa hapo unategemea uimara wa kampuni ya bima yenyewe, kwa hiyo ichunguze kampuni zaidi kuliko bango lake.

Kabla ya kuweka shilingi ya kwanza, tafuta jina la mpango kwenye orodha ya RBA ya mipango iliyosajiliwa. Jina la mpango wenyewe, kwa sababu kampuni inaweza kuwa halali na kitu anachokuuzia ajenti kisiwe pensheni. Bima ya maisha yenye akiba, kwa mfano, ni kitu kingine kabisa, chenye ada zake na masharti yake, na mara nyingi huuzwa na ajenti yule yule kwa maneno yale yale. Lipa kwa paybill au akaunti ya mpango, kamwe usilipe kwa nambari ya simu ya mtu. Kila mwaka una haki ya kupewa taarifa ya akiba yako. Isipokuja, idai. Usiporidhika, una haki ya kuhamishia akiba yako kwenye mpango mwingine, na RBA hupokea malalamiko.

Kwa walio Ghuba, neno moja: huko mgeni kwa kawaida hupewa kiinua mgongo cha kumaliza kazi, hapewi pensheni ya kila mwezi. Mpango wa binafsi wa Kenya unaweza kuuchangia ukiwa Muscat au Dubai, kwa simu au benki. Anza ukiwa huko huko, kabla pesa za kila mwezi hazijageuka matofali ya nyumba ya mtu mwingine.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ya wifi ulikuwa mweupe. Ni sehemu ya warithi, na ajenti alimwambia si lazima. Si lazima kwa ajenti. Akiba ya pensheni haiingii kwenye mirathi ya kawaida ya mahakama. Mwanachama akifa, wadhamini hulipa kwa kufuata kanuni za mpango, na fomu ya warithi ndiyo wanayoianza kuiangalia. Ikiwa tupu, wajane huzungushwa miezi na miezi wakitafuta barua ya chifu na vyeti vya kuzaliwa. Ikiwa ya zamani, yenye jina la mume wa kwanza, ni vita. Na ikiwa hakuna nyumbani anayejua kwamba mpango upo, pesa zisizodaiwa huishia UFAA, mamlaka inayotunza mali za kifedha zisizo na mwenyewe, zikikaa huko huku watoto wakifukuzwa shule kwa karo.

Tulikaa na ukurasa huo kuliko kurasa nyingine zote. Aliandika majina ya watoto wawili, na kwa kuwa wote wako chini ya miaka kumi na nane, akamweka dada yake mkubwa kuwa mlezi. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza mama yake kwa asilimia kumi. Jumla ikawa mia. Tukapiga picha ya kila ukurasa, picha moja ikaenda kwa dada yake, nyingine kwangu. Halafu akarudi ukurasa wa pili, akaweka tiki kwenye pensheni, mfuko wa soko, Sh3,000 kwa mwezi kwa sasa, akaandika pembeni kwa penseli: *baada ya Idi, 5,000*.